Kinyago Kisichovaliwa Usoni

Anayekutana na kinyago cha bwami, chama cha Walega wa Pangi, mashariki ya Kindu nchini Kongo, kwanza hutazama umbo: uso uliobonyea na macho membamba. Upesi huamua kwamba ni sura ya mzimu. Mimi ningemwambia aanze na mti, udongo na nyuzi. Lukwakongo ni kinyago kidogo cha mti, hakitoshi kumficha mtu mzima. Kimepakwa udongo mweupe, na ndevu za nyuzi zinaning'inia kidevuni. Katika ngoma hufungwa mkononi, hutundikwa uani, hata huburutwa kwa ndevu zake. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, katika kitabu chake Lega Culture cha mwaka 1973, alionyesha kwamba maana huja na methali inayoimbwa wakati huo, kwa hiyo kinyago kilekile kinaweza kubeba mafundisho tofauti. Umbo peke yake ni shahidi dhaifu.

Vitu vilivyotumika vinasema zaidi. Kinyago kidogo cha mti ni cha yananio, mojawapo ya ngazi za bwami; pembe ya ndovu ni ya kindi, ngazi ya juu kabisa, na mng'ao wa pembe (ule ambao taa za makumbusho huuvalisha utukufu wa msanii) sehemu kubwa ni mafuta: kitu hupakwa kama miili ya wanachama inavyopakwa. Atakuja mtu aseme huo ni utajiri tu, kwani kupanda ngazi kulidai misanga (fedha za makombe), nyama na mafuta. Ni kweli gharama zilikuwa nzito. Lakini mali hiyo iligawanywa na kuliwa, ndugu waliichangia, mwenendo wa mtu ulipimwa, na ngazi za juu hazikupandwa bila mke naye kuingizwa. Bahili mwenye pembe nyingi alibaki nje.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba serikali ya Kibelgiji ilipiga bwami marufuku mwaka 1948, na Biebuyck, mgeni, alifanya utafiti wake katika miaka ya 1950, chama kikiwa kimebanwa. Hata hivyo hatulazimiki kumwamini yeye tu. Kinyago kilichopoteza ndevu zake njiani kwenda Ulaya bado kina matundu kidevuni zilimopitishwa nyuzi, na udongo mweupe ungali kwenye mikunjo ya macho.