Kabla hujabeba mbegu ya muhogo

Juma hili nataka tuzungumze juu ya muhogo. Najua wengi wenu ni watu wa mjini, na muhogo mnaujua zaidi ukiwa umechomwa na kutiwa chumvi na pilipili pale kituo cha basi, au ukiwa umeungwa kwa nazi jioni. Msizime redio. Habari hii inawahusu ninyi watu wa mjini kuliko mnavyodhani, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2008 nilikuwa na kishamba changu Mkuranga, na muhogo wangu ulisifiwa na kila aliyeuonja. Ulikuwa mtamu, na ukiiva unafumuka kama unga. Ilipokaribia Krismasi tukajiandaa kwenda ukweni, Magu, kule kandokando ya Ziwa Victoria. Nikajiuliza, nimpelekee mama mkwe zawadi gani? Nikakata miti 40 ya muhogo, nikaifunga fungu moja, nikaitia kwenye buti la basi. Mama mkwe alifurahi sana. Majirani waliposikia kuna mbegu mpya kutoka Pwani, wakaja kuomba. Mama akagawa, huyu miti miwili, yule mitatu. Kwetu mbegu hainyimwi mtu.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili nikapigiwa simu. Baada ya shikamoo na marahaba, mama akaniambia kwa upole: "Baba, huku muhogo unaoza ungali ardhini." Si ule wa kwangu tu. Hata muhogo wake wa zamani, aliourithi kwa mama yake, ukichimbuliwa unakutwa na mabaka ya kahawia ndani, mgumu kama kizibo cha chupa. Juu, miti ilisimama na majani yake kama kawaida. Kumbe chini hapakuwa na chakula.

Nilimtafuta bwana shamba mmoja nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo mbegu uliitoa wapi?" Nikamjibu, Pwani. Akatikisa kichwa. Hapo nikakumbuka kwamba hata kule Mkuranga, mara kwa mara mke wangu alikuwa akimenya muhogo, akikuta doa la kahawia analikata kwa kisu na kulitupa, nasi tunakula kilichobaki. Hatukujiuliza lile doa ni nini. Siwezi kuapa kwamba fungu langu peke yake ndilo lililoharibu mashamba yale. Lakini siwezi pia kuapa kwamba silo.

Tuelewane kwanza jinsi muhogo unavyozaliwa. Ukipanda punje ya hindi, umepanda mtoto mwenye baba na mama. Muhogo nao unatoa maua na mbegu, lakini mkulima hapandi mbegu hizo. Anakata shina, anapata pingili ya urefu wa sentimita 20 hivi, yenye macho matano au zaidi, anaifukia. Mmea unaochipua hapo si mtoto. Ni mti ule ule wa zamani unaoendelea kuishi mahali pengine. Faida yake ni kubwa: ukipata muhogo mtamu, pingili zake zote zitakuwa tamu vile vile, leo na miaka 50 ijayo. Hasara yake ni kwamba ugonjwa wa virusi uliomo ndani ya shina nao unaendelea kuishi. Ukipanda pingili mgonjwa, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe.

Magonjwa makubwa ya muhogo kwetu ni mawili. La kwanza ni batobato. Hili halijifichi: majani hujikunja, huwa na mabaka ya njano, na mizizi huwa midogo. Mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Warburg, aliliandika tangu mwaka 1894 kutokana na mimea ya Usambara. La pili ni michirizi ya kahawia, na hili ndilo lililomfikia mama mkwe. Lilielezwa kitaalamu mwaka 1936 na Bwana H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, huko huko milima ya Usambara.

Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani na kuruka kama vumbi ukilitikisa. Lakini kuna tofauti moja muhimu. Virusi vya michirizi ya kahawia havikai kwa muda mrefu ndani ya nzi. Nzi anaweza kuvitoa mti huu hadi ule, au shamba hili hadi la jirani. Hawezi kuvitoa Mkuranga akavifikisha Magu. Safari ya namna hiyo inahitaji basi, na inahitaji mtu mwenye fungu la miti na nia njema.

Kwa karibu miaka 70 wataalamu waliuhesabu ugonjwa huu kuwa ni wa nchi za chini, yaani pwani ya Afrika Mashariki na kandokando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, mahali palipo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ambako haukutarajiwa. Miaka iliyofuata ukaenea kuzunguka Ziwa Victoria. Sasa mnaona kwa nini nilisema habari hii inawahusu watu wa mjini. Anayesafiri mkoa hadi mkoa, mwenye kishamba cha Jumamosi na jamaa kijijini, ni wewe na mimi.

Je, wataalamu wamefanya nini? Wamefanya mengi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilianzia hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1930 Storey na mwenzake Nichols, pale Amani, walitafuta muhogo usioshindwa na batobato. Waliukosa. Ndipo wakageukia ndugu wa muhogo: ule mti wa mpira ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake. Wengi wenu mnaujua, maana majani yake ndiyo kisamvu cha mpira. Mti huo hauna mizizi ya kuliwa ya maana, lakini ugonjwa haukuuweza. Wakachukua chavua ya mmoja wakaitia kwenye ua la mwingine. Watoto waliozaliwa walikuwa na nguvu ya mpira, ila mizizi yao ilikuwa myembamba. Wakawarudisha kwa muhogo mara ya pili, kisha mara ya tatu, kila mara wakichagua wale wenye mizizi minene na majani safi. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 20, ikamaliziwa na mtaalamu aitwaye Jennings.

Matunda yake yalisafiri mbali. Katika miaka ya 1950 mbegu za uzao wa Amani zilipelekwa Nigeria. Kutokana nazo ulipatikana mti mmoja uliopewa namba 58308. Mwaka 1971 mtaalamu kutoka Korea, Sang Ki Hahn, alianza kazi katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, naye akautumia mti huo kuzalisha aina mpya zenye mazao mengi.

Wakati huo hapakuwa na aliyejua kwamba tutazihitaji kwa haraka namna ile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ililipuka Uganda. Ilishuka kutoka kaskazini kwenda kusini mwaka hadi mwaka, ikawaacha watu bila chakula. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza sababu: aina mbili za virusi zilikuwa zimeunganisha viungo vyake zikazaa kirusi kipya, kikali kuliko wazazi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imeshavuka mpaka na kuingia Kagera. Miongoni mwa dawa zilizosaidia ni aina zile za Ibadan. Mojawapo, iliyoitwa Nase 3 nchini Uganda, ni mjukuu wa Amani aliyerudi nyumbani kuwasaidia jirani.

Kuna uzao mwingine wa Amani ambao haukwenda mbali. Wakulima waliupenda wakautunza wenyewe, wakaupa majina yao. Pwani ya Kenya unaitwa Kaleso, kusini mwa Tanzania unaitwa Namikonga. Wataalamu walipopima vinasaba waligundua ni mmea mmoja. Nao ndio miongoni mwa mihogo inayostahimili zaidi michirizi ya kahawia, ndiyo maana watafiti bado wanautumia kama mzazi.

Sasa mtauliza, kama aina nzuri zipo, mbona wakulima wengi hawana? Hapa ndipo penye ugumu, tupige hesabu kidogo. Hindi moja lina mamia ya punje. Mti mmoja wa muhogo hutoa pingili kama 10 kwa mwaka. Hekta moja, ukipanda mita moja kwa mita moja, inahitaji pingili 10,000. Mtafiti aliyepata mti mmoja tu wa ajabu, mwaka wa kwanza ana pingili 10, wa pili 100, wa tatu 1,000, na mwaka wa nne ndipo anapata za kutosha hekta moja. Tena pingili ni nzito, zinajaza lori haraka, na zikikaa siku nyingi juani zinakauka. Ndiyo maana wafanyabiashara wa mbegu wanapenda mahindi kuliko muhogo.

Kwa hiyo utafiti umejikita katika kuzalisha haraka. Njia moja ni kukata pingili fupi zenye macho mawili tu na kuziotesha kwanza kitaluni, ili shina moja litoe miche mingi. Njia nyingine ni ya maabara. Ile ncha kabisa ya chipukizi hukua haraka, na virusi huchelewa kuifikia. Mtaalamu huuweka mmea kwanza kwenye joto la nyuzi 37 hivi, kisha anaikata ile ncha, ndogo kuliko punje ya mchele, na kuiotesha ndani ya chupa yenye chakula chake. Ikikua na kupimwa, anapata muhogo ule ule wa bibi yako, utamu ule ule, ila bila ugonjwa. Kisha anaukata vipande ndani ya chupa, vipande vinakuwa miche, bila kungoja masika.

Lakini nitahadharishe jambo moja. Kusafishwa si kinga. Mche safi ukipandwa katikati ya mashamba yenye ugonjwa utaupata kama mwingine. Tena kuna mihogo inayovumilia. Kiroba, unaosifika masokoni Dar es Salaam, ni mmoja wao: unaweza kuugua na bado ukampa mkulima chakula. Hilo ni jema kwa mwenye shamba. Lakini mti unaougua bila kulalamika ndio rahisi kuubeba ukidhani ni mzima.

Basi tufanye nini? Usihamishe miti ya muhogo kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kwa sababu tu umeipenda. Ukitaka mbegu, itafute karibu na shamba lenyewe, kwa mkulima ambaye shamba lake la mbegu limekaguliwa. Siku hizi hapa Tanzania wakaguzi wa mbegu hukagua hata muhogo, kama wanavyokagua mahindi. Ukiona mti mgonjwa shambani, ung'oe mapema. Na ukikuta doa la kahawia ndani ya muhogo, usikate pingili kwenye mti wake hata kama mizizi mingine ni mizuri.

Mimi nilirudi Magu. Safari hii sikubeba miti kutoka kwangu, nilinunua mbegu iliyokaguliwa huko huko mkoani. Nilimweleza mama mkwe kwamba ili ifae, ile ya zamani lazima ing'olewe yote. Alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Na wale niliowagawia nitawaambia nini?" Nikamwambia, mama, twende wote, nitasema mimi.

Tulikwenda nyumba saba. Sita walikubali, ingawa si kwa furaha. Wa saba, mzee mwenye wajukuu watano, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mkwe, nimekuelewa. Lakini huo mbovu ndio chakula kilichopo. Nikiung'oa leo, hawa watakula nini mpaka huo wako ukomae?" Sikuwa na jibu. Tulikubaliana apande mbegu safi mbali na shamba lile, na kila atakapochimba mti wa zamani asirudishe pingili yake ardhini. Ilimchukua karibu miaka miwili kuumaliza, na muda wote huo nzi weupe walikuwa kazini.

Fungu la miti 40 nililibeba kwa siku moja. Kuliondoa kulituchukua miaka miwili, na sina hakika limekwisha lote. Ukisafiri sikukuu hii kwenda kijijini, peleka sukari, peleka kanga, peleka sabuni. Miti ya muhogo iache ilipo.

Panapo majaliwa tukutane tena juma lijalo.