Filamu za Udongo (2): Sababu Kwanza, Amri Baadaye

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi tone la mvua linavyoipiga ardhi isiyo na majani, jinsi linavyoutifua udongo wa juu, na jinsi maji yanavyouchukua hadi mtoni. Leo natazama chombo kinachotegemewa sana siku hizi kulifundisha jambo hilo, yaani video. Mwalimu wa jiografia anaipakua kwenye simu, bibi shamba anaitembeza kwenye flashi, na vijana wanatumiana kwenye makundi ya WhatsApp. Msimamo wangu nautaja mapema: video ya mazingira humfaa mtazamaji inapomweleza sababu na kumwachia uamuzi. Ikimpa amri tupu, inapita kama upepo. Historia yetu wenyewe inatosha kulithibitisha hilo.

Wengi hudhani elimu ya picha ilikuja na televisheni. Kumbe mwaka 1935, pale Vugiri kwenye milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika wa vijijini. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa taasisi ya Carnegie ya Marekani, na waliousimamia walikuwa Waingereza, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35: za kilimo, za afya, za kodi, za benki ya akiba ya posta, na mojawapo ilihusu mmomonyoko wa udongo. Sauti iliwekwa kando kwenye santuri, ili lugha iweze kubadilishwa kadiri lori la sinema lilivyosafiri Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wazo hilo la lugha lilikuwa la busara, na hata leo kuna watengenezaji wa video ambao hawajalifikia.

Kasoro ilikuwa mahali pengine. Waliotengeneza sinema za zama za ukoloni walikuwa wameshaamua kwamba mtazamaji wao hajui kitu. Filamu nyingi zilikuwa na watu wawili: msikivu anayefuata ushauri akafanikiwa, na mkaidi anayebaki na mambo ya kale akaangamia. Baadaye, kitengo cha filamu cha makoloni kilichoundwa London mwaka 1939 kiliweka hadi kanuni za upigaji picha: mwendo uwe wa polepole, picha zisibadilike haraka, kwa kuwa eti mwanakijiji wa Kiafrika hawezi kufuatilia.

Kuna kisa kimoja cha enzi hizo kilichosimuliwa sana katika vitabu vya mawasiliano, kikiwemo cha Marshall McLuhan cha mwaka 1962. Wanakijiji walioneshwa filamu fupi ya usafi, iliyopigwa polepole, kuhusu mtu anayeondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kabisa kwamba kuna kuku katika filamu yao. Wakaipitia picha moja baada ya nyingine, na kweli, kuku alikatiza pembeni kwa muda wa sekunde moja tu. Kisa hiki kimekuwa kikitolewa kama ushahidi kwamba watu wale hawakujua kutazama sinema. Mimi nakisoma kinyume. Walikuwa watazamaji makini kuliko walioipiga filamu. Katika yote waliyowekewa mbele yao, kuku ndiye pekee aliyehusu maisha yao. Maji yaliyotuama hayakuwa na maana kwa sababu hakuna aliyewaeleza yana uhusiano gani na homa ya mtoto.

Kuhusu udongo, gharama ya kutoa amri bila sababu ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1936 mradi wa Vugiri ulitengeneza filamu iliyosifu mashamba ya mfano pale Kingolwira, karibu na mji wa Morogoro. Miaka chini ya ishirini baadaye, kwenye milima ya Uluguru inayoonekana kutoka hapohapo, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Kitaalamu, matuta ya ngazi ni kinga nzuri dhidi ya mmomonyoko, lakini si kwenye kila mlima. Mahali ambapo udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, kuchimba ngazi huufukia udongo mzuri na kuleta juu ule usio na chakula cha mimea. Waluguru waliona mazao yakidhoofu, tena kwa jasho lao wenyewe. Mwaka 1955 kukatokea ghasia Matombo, kwenye milima hiyohiyo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafutwa. Wakulima wale hawakuwa wakiipinga hifadhi ya udongo. Walikuwa wanaijua jiografia ya mlima wao kuliko aliyewaamuru.

Baada ya uhuru tuliwahi kufanya vizuri zaidi, tena bila kutegemea sinema. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio na vijitabu, na takriban watu wazima milioni mbili wakajiunga na vikundi vya kusikiliza. Kipindi kilipokwisha, kazi ndiyo ilianza: kikundi kilisoma, kikajadili hali ya kijiji chake, kikaamua cha kufanya, na vyoo vikachimbwa kwa wingi. Mwaka 1980 mtindo huohuo ulitumika katika kampeni ya Misitu ni Mali. Nguvu ilikuwa katika yale mazungumzo ya chini ya mti baada ya redio kuzimwa, na nasikitika kwamba urithi huu hautajwi na wengi wanaotengeneza video za mazingira nchini leo.

Waliougundua ukweli huo upya wako mbali. Nchini India, kuanzia mwaka 2006, watafiti waliokuja kuunda shirika la Digital Green waliwapiga video wakulima wa kawaida wa jimbo la Karnataka wakifanya kazi zao, kisha wakawaonesha wenzao wa vijiji vya jirani. Kila onyesho lilikuwa na mtu wa kuisimamisha video, kuuliza na kusikiliza. Waliripoti kwamba, kwa kila dola iliyotumika, njia hiyo iliwafanya wakulima wengi zaidi kubadili mbinu, takriban mara kumi kuliko ugani wa kawaida. Pia waliona kwamba mtazamaji hutaka kwanza kujua yule kwenye video ni nani na anatoka wapi.

Benin nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha video na warsha katika kuwafundisha wanawake kuchemsha mpunga kabla ya kuukoboa. Video iliwafikia asilimia 74 ya wanawake, warsha asilimia 27. Walioitazama, karibu wote walianza kuanika mpunga juu ya turubai na kuvua viatu kabla ya kuugeuza. Kuvua viatu ni jambo dogo, lakini ni la aina ambayo msemaji wa warsha huisahau na jicho la kamera huinasa.

Sasa nije nyumbani, Dodoma. Mkoa ule hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miche inayopandwa kwa sherehe hufa kwa wingi kiangazi kinapoanza. Tangu 2018, shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi wamekuwa wakieneza Kisiki Hai, njia isiyohitaji mche. Shamba linaloonekana tupu huwa na visiki vya miti iliyokatwa zamani ambavyo mizizi yake bado iko hai. Kila mwaka visiki hivyo hutoa machipukizi mengi, na kila mwaka tunayafyeka au mbuzi wanayala. Mkulima anayachagua machache yenye nguvu, anapogolea mengine, anafunga kitambaa ili mpita njia ajue mti huo una mwenyewe, kisha anaulinda. Kwa kuwa mzizi ulishafika chini kwenye unyevu, chipukizi hukua haraka kuliko mche wowote wa kitalu.

Njia hii ilipata umaarufu Niger, mkoani Maradi, ambako mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliitambua mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipochunguza kwa makini kile alichodhani ni kichaka. Picha za satelaiti zilionesha baadaye kwamba wakulima wa Niger walikuwa wamerudisha miti katika takriban hekta milioni tano. Mwaka 2022 mwongozaji filamu wa Kijerumani, Volker Schlöndorff, alitoa filamu ndefu juu ya kazi hiyo.

Kisiki Hai ni somo linaloipenda kamera. Jicho la mtu halioni mzizi wala halioni miaka mitatu kwa pamoja, lakini video inaweza kuchora kilicho chini ya ardhi na kuweka msimu wa kwanza kando ya msimu wa tatu. Mtazamaji akishaelewa kwamba uhai uko kwenye mzizi, hahitaji tena kuambiwa akate lipi aache lipi. Atalifikiria mwenyewe, kwa miti ya kwao na mifugo ya kwao.

Hofu yangu kubwa ni video zisizo na jiografia. Chukua mfano wa zai, mashimo madogo yaliyomfanya Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso ajulikane duniani, hasa baada ya filamu iliyotengenezwa kumhusu mwaka 2010. Shimo hujazwa samadi na majani wakati wa kiangazi, mchwa wakavutwa, wakatoboa ardhi iliyokauka ikawa ngumu, na mvua ya kwanza ikaingia badala ya kutiririka. Ni maarifa ya hali ya juu kwa nchi yenye mvua ya milimita 300 hadi 800. Mkulima wa Tukuyu, anakopata zaidi ya milimita 2,000, akiiga vilevile atakuwa amechimba madimbwi ya kuozesha mahindi. Video inayosema "chimba hivi" bila kutaja mvua, mwinuko na aina ya udongo inarudia kosa la Uluguru, ingawa safari hii haina askari nyuma yake.

Tahadhari hiyohiyo ihusu picha za angani, ambazo walimu wa jiografia wanazipenda kwa haki. Picha za satelaiti za Landsat zinapatikana bure tangu 2008, na mtu anaweza kuona Dar es Salaam ikitanuka kuanzia miaka ya 1980. Lakini ukiweka picha ya Dodoma ya Septemba kando ya nyingine ya Machi, unaweza "kuthibitisha" jangwa au muujiza wa misitu, upendavyo. Mwalimu amfundishe mwanafunzi kuuliza mwezi kwanza, mwaka baadaye.

Kwa wenye simu na bando kidogo, ushauri wangu ni kuipakua video mara moja, kuihifadhi kwenye kadi, na kuionesha kwa kikundi kinachofahamiana. Isimamishwe kabla ya jibu kutolewa, watu waseme wao wangefanya nini. Mwenye shamba lenye hali tofauti apewe nafasi ya kubisha, kwa sababu mara nyingi ubishi wake ndio unaobeba habari za udongo wa mahali pale. Kisha kikundi kichague kipande kidogo cha shamba la mmoja wao, kijaribu msimu mmoja, na kipige picha kutoka sehemu ileile kila mwezi. Hiyo itakuwa video yao, na kijiji cha jirani kitawaamini wao kabla ya kumwamini mgeni yeyote.

Sehemu ya tatu itahusu makinga maji ya fanya juu, na kwa nini wakulima wa Machakos waliyakubali baada ya kuyakataa ya kulazimishwa.