Virusi Havionekani, Lakini Dawa Usiache



Kuna swali ambalo halikosi tunapozungumza juu ya UKIMWI katika vikundi. Mtu amemeza dawa miaka miwili, mitatu. Ameenda kliniki akaambiwa virusi havionekani katika damu yake. Amepata nguvu, analima, anachuma chai kama wengine. Basi kwa nini anaambiwa asiache dawa? Wengine huacha kimya kimya, na ugonjwa huwarudia. Tuelezane jambo hili polepole, maana ni rahisi kushika agizo ukijua sababu yake.

KITABU CHA SELI

Mwili wetu umejengwa kwa seli, vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya karibu kila seli kuna uzi mrefu mwembamba unaoitwa DNA. Uzi huo ni kama kitabu cha kumbukumbu cha kikundi chenu: yaliyoandikwa humo ndiyo hufuatwa. Seli ikitaka kufanya kazi fulani, hunakili ukurasa unaotakiwa. Nakala hiyo huitwa RNA, na ikishatumika hutupwa. Kitabu chenyewe hubaki kabatini, yaani katika kiini cha seli.

VIRUSI HUJIANDIKAJE?

Kirusi cha UKIMWI hakiwezi kuzaana peke yake. Maagizo yake yako katika RNA, karatasi tu bila kitabu. Kwa hiyo hutafuta seli za CD4, zile chembe nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili. Kikiingia hufanya hivi:

1. Hugeuza RNA yake kuwa DNA. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore wa Marekani, kila mmoja katika maabara yake. Wataalamu walishangaa, maana walizoea kuona DNA ikitoa RNA, si RNA kutoa DNA. Kwa sababu ya mwendo huo wa kinyumenyume, virusi vya aina hii huitwa retrovirusi.

2. DNA hiyo mpya huingia katika kiini cha seli. Huko kimeng'enya kingine, integrasi, hukata uzi wa DNA ya mtu na kupachika ile ya kirusi katikati. Halafu seli yenyewe huziba nyufa zilizobaki, bila kujua kwamba inamsaidia adui.

3. Seli husoma maagizo hayo kama yake, na kuanza kutengeneza virusi vipya.

Ni kama mgeni ameingia ofisini mwenu usiku, akaandika azimio lake katikati ya kitabu kwa wino uleule na mwandiko uleule wa katibu. Kesho yake katibu anasoma, wanachama wanatii. Nani atajua?

SELI ZINAZOLALA

Sasa tufike kwenye jibu. Si kila seli iliyoandikwa hivyo hutoa virusi papo hapo. Chache hulala, hata miaka mingi, na ule ukurasa umo ndani. Kwa kuwa hazitoi virusi, askari wa mwili hawazitambui. Na seli kama hiyo ikigawanyika, hunakili kitabu chote pamoja na ukurasa wa kirusi, kwa hiyo hata seli changa huurithi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli hizo zilikuwepo hata kwa wagonjwa waliotumia dawa vizuri na ambao virusi havikuonekana katika damu yao.

Kipimo cha kliniki huhesabu virusi vilivyo katika damu. Hakifungui kitabu cha kila seli. Ndiyo sababu "havionekani" haina maana ya "havipo".

DAWA HUFANYA NINI?

Hapa Kenya watu wazima wengi humeza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu. Tenofovir na lamivudini huzuia ile kazi ya kwanza, ya kugeuza RNA. Dolutegravir, iliyoanza kutolewa nchini kwa bei nafuu mwaka 2017, huifunga integrasi mikono isipachike. Kwa hiyo seli mpya haziandikwi. Lakini dawa hizi haziwezi kung'oa ukurasa uliokwisha kuandikwa.

Mtu akiacha, seli iliyolala huamka, na kwa wengi virusi hurudi katika damu baada ya majuma machache tu. Na anayemeza leo na kuruka kesho hukaribisha hatari nyingine: virusi hupata nafasi ya kuzoea dawa, nayo dawa hushindwa.

Kuna habari njema pia. Mtu anayemeza dawa bila kukosa, na virusi vyake vikabaki havionekani, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Mama mjamzito au anayenyonyesha afuate maelekezo ya kliniki ili kumkinga mtoto. Anayetaka kuombewa aombewe, lakini kidonge chake asikiache.

YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

- Ni mambo gani huwafanya watu wa kijiji chetu waache dawa: nauli, njaa, aibu, au kuambiwa ati wamepona?
- Mwanachama akikosa nauli ya kliniki, mfuko wetu unaweza kumsaidiaje bila siri yake kutoka nje?
- Ukiambiwa na jirani "Mimi nimepona, nimetupa dawa," utamweleza nini kuhusu seli zinazolala?

Na kama kuna mwenzenu aliyekwisha kuacha, msimgombeze. Msindikizeni kliniki. Atapimwa na kuanzishwa tena dawa, na kila siku anayongoja ni seli nyingine zinazoandikwa.