Kilo zinahesabiwa, nauli je?

Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni za Dar es Salaam na Iringa. Hadi wakati huo, Tanzania haikuwa imewahi kukamata shehena kubwa kama hiyo. Mapapa, wale wafanyabiashara wakubwa wa dawa hizo, walikuwa wameguswa.

Maskani, wanakokutana watumiaji, mambo ni mengine. Unga ukiadimika, kete hupanda bei au huchakachuliwa, lakini arosto, yale mateso ya kukosa dawa, haipungui hata chembe. Mifupa inauma, tumbo linaendesha, jasho linatoka na usingizi haupatikani. Mwenye arosto haulizi mzigo umekamatiwa wapi. Anatafuta hela, iwe yake au ya jirani.

Dawa ya hali hiyo nchi inayo. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Mwananyamala na Temeke zikafuata, na baadaye huduma ikafika Zanzibar, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Ni dawa ya maji ambayo kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Dozi ikishapatana na mwili, arosto hutulia siku nzima na mtu akaenda kazini akili timamu. Asiyejidunga hachangii sindano, na kwa njia hiyo hupunguza hatari ya kupata VVU na homa ya ini.

Dozi ni bure, ila nauli unajilipia mwenyewe. Kwa kawaida kituo kinataka uje leo, kesho, keshokutwa, Idi na Krismasi. Kibarua aliyekosa kazi juzi atapanda daladala kwa hela gani? Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi yake hushushwa na kupandishwa upya taratibu, kwa sababu ile ya zamani sasa yaweza kumdhuru. Siku hizo za kupanda tena ndizo pusha, muuzaji wa kete, anazozisubiri. Yeye hadai nauli. Yuko kona ya mtaa.

Kuwabana mapapa ni lazima. Lakini kilo zilizokamatwa hutuonyesha mzigo uliozuiwa tu. Taarifa ikisomwa tena, zikishatajwa kilo, tutajiwe pia waliofika kwenye dirisha la kituo kunywa dozi, waliokosa, na umbali wa kutoka kwao hadi dirishani. Kisha dirisha lisogezwe, angalau likaribie kwao kama ilivyo kona ya pusha.