Kupimwa Uso bila Kuvua Mtandio

Tangu Tanzania ilipozindua pasipoti ya kielektroniki, tarehe 31 Januari 2018, picha ya msafiri si ya kutazamwa na afisa peke yake. Imehifadhiwa pia ndani ya kitabu chenyewe, katika chipu, ili mashine iweze kuilinganisha na uso wa aliyeishika. Kwa familia za Tunduma, ambazo nusu ya jamaa na biashara zao zipo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, jambo hili li karibu sana. Ndiyo maana wazazi huuliza: je, binti avue mtandio ndipo apimwe sawasawa?

Zamani uso ulipimwa kwa mkono. Katika miaka ya 1880 Alphonse Bertillon, wa polisi ya Paris, aliwapima watuhumiwa kwa chombo cha chuma chenye mikono miwili mfano wa bikari: urefu wa kichwa, upana wake, hata sikio la kulia. Kazi ilikuwa ya polepole, na maafisa wawili wakimpima mtu mmoja waliweza kupata hesabu mbili. Tena haikuwezekana bila kumgusa mtu. Kwa mwanamke wa Kiislamu aliye mbele ya mwanamume asiye maharimu wake, hilo si dogo.

Kamera imeondoa mguso huo. Programu hutafuta macho, pua, mdomo na taya, kisha huyageuza kuwa tarakimu. Nywele na shingo si tegemeo lake. Na kanuni za kimataifa za hati za kusafiria huziruhusu nchi kukubali vazi la kichwa kwa sababu ya dini, mradi uso uonekane wazi kuanzia kidevuni hadi kwenye paji. Basi anayemwambia binti avue mtandio kwa hoja ya "mashine haitamsoma" hana hoja. (Na tukumbuke Mujazziz al-Mudliji, aliyewatambua Zayd na Usama, baba na mwana, kwa nyayo tu hali nyuso zao zimefunikwa, naye Mtume s.a.w. akafurahi.)

Hata hivyo kamera ina kasoro zake. Ikisogezwa karibu mno, pua hukua na mashavu hurudi nyuma. Isitoshe, mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizijaribu programu za kutambua jinsia kwa sura: kwa wanawake weusi mojawapo ilikosea hadi asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Wenye kasoro walikuwa waundaji, waliozifunza kwa nyuso za wengine.

Kwa hiyo mama anayempeleka binti kupiga picha aurudishe mtandio hadi ukingo wa paji, aubane usitupe kivuli mashavuni, na aombe mwanga wa kutosha kutoka mbele. Picha ikitoka yenye giza, aikatae papo hapo, ipigwe nyingine. Mwenye nikabu hana budi kufunua uso. Aombe mapema ahudumiwe na afisa mwanamke, mahali pa faragha.