Kinga ya mama huisha: kwa nini surua huchanjwa mara mbili

Mtoto huzaliwa na kinga asiyoitengeneza mwenyewe. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito, kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mwanawe. Mama aliyewahi kuugua surua au kuchanjwa humlinda mtoto kwa miezi kadhaa. Lakini hiyo ni kinga ya kuazima. Mwili wa mtoto haujajifunza lolote, na kingamwili hizo hupungua hadi zikaisha.

Ndiyo maana Tanzania na Kenya huchanja surua mtoto akifikisha miezi 9. Mapema zaidi, kingamwili za mama zinaweza kuvizima virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujavitambua. Hata katika umri huo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa, takriban 85 ndio hupata kinga. Waliobaki huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Dozi ya miezi 18 ipo hasa kwa ajili yao, na hapo ndipo wazazi wengi hulegea: mtoto anakimbia, ana afya, kadi imeshafungiwa kabatini.

Kuna kero nyingine. Kichupa kimoja mara nyingi huwa na dozi 10 za unga, na kikishachanganywa na maji yake maalumu hutupwa baada ya saa 6. Kwa hiyo baadhi ya vituo hukusanya watoto siku moja. Mama aliyeambiwa arudi Alhamisi ana haki ya kuudhika, lakini arudi.

Kinga ya surua ikishika, hudumu. Mwaka 1846 ugonjwa huo ulipoenea visiwa vya Faroe, daktari Peter Panum aliona kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuupata tena. Hata hivyo, kuitafuta kinga kwa kuugua ni hatari. Virusi vya surua huharibu chembe zinazokumbuka magonjwa ya zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa watoto wasiochanjwa walioiugua walipoteza asilimia 11 hadi 73 ya kingamwili zao dhidi ya maradhi mengine.

Surua huambukiza kwa kasi mno, hivyo watu wapatao 95 kati ya 100 wanahitaji kuwa na kinga ndipo wachanga wasiofikia umri wa chanjo wawe salama.

Mzazi, itoe kadi ya kliniki leo uangalie sehemu ya miezi 18. Kama haina tarehe, mpeleke mtoto hata kama umechelewa. Vituo vya umma huchanja bila malipo.