Kengele ya mashini ya baba

Mwezi huu tunakumbuka kidogo vyombo vya biro tulivyoviona utotoni. Sababu ni mtoto mmoja wa jirani aliyetuuliza, "Karatasi kaboni ni nini?" Sisi wakubwa tulicheka. Halafu tukaona ana haki, angeiona wapi?

Baba yetu alikuwa sekretari katika biro moja huko Fizi, Kivu ya Kusini, miaka ya 1980, nchi ikingali inaitwa Zaire. Mezani kwake kulikuwa na mashini ya kuandikia, nzito kama jiwe la kusagia, pamoja na kashe, yaani muhuri, na boksi la kaboni. Mchana tulimpelekea chakula, lakini hamu yetu ilikuwa mashini. Anapiga ta-ta-ta, mstari unakaribia kuisha, kengele inalia ting! Anasukuma ule mkono wa chuma, karatasi inarudi upande wa pili. Ukisogeza kidole tu, unasikia: "Mutoto, usiguse! Iko ya Leta hii!" Mashini nyingi za zamani hazikuwa hata na namba 1. Mwaka 1984 ulianza na herufi l ndogo, na hakuna aliyelalamika.

Kaboni ndiyo ilikuwa yetu. Ni karatasi nyembamba yenye wino upande mmoja. Mwingereza Ralph Wedgwood alisajili ya kwanza mwaka 1806. Unaiweka katikati ya karatasi mbili, unapiga mara moja, unapata barua mbili. Baba alikuwa akipanga hadi nne, na ya nne inatoka hafifu kama moshi. Kaboni iliyochakaa alitupa sisi. Tulichora samaki na mitumbwi, tukarudi nyumbani na mashati ya shule yamejaa buluu, na mama hakuwa na mchezo na sabuni yake.

Oktoba 1996 vita vilifika Uvira, na baadaye Fizi. Tulivuka ziwa hadi Kigoma. Mashini ilibaki mezani, kashe pia. Baba alibeba nakala za kaboni za familia, amezifunga kwenye plastiki: cheti cha ndoa na karatasi za kuzaliwa kwetu.

Mwaka uliofuata alitaka kuandika barua ya kueleza habari zetu, akaenda Kasulu kwa mpiga taipu wa barabarani. Akaomba apige mwenyewe, maana mkono ulikuwa unamuwasha. Aliandika Baraka, ikatoka Bqrqkq! Kumbe mashini za kwetu, za Kifaransa, zinaanza na A-Z-E-R-T-Y, na za huku Q-W-E-R-T-Y. Mwenye mashini alicheka mpaka machozi. Baba alicheka pia, lakini njiani alinyamaza, na mama alituambia tusimsemeshe.

Shida yenyewe ilikuwa karatasi ya mdogo wetu wa mwisho. Ilikuwa ile nakala ya nne, na baba alikuwa hajaipiga kashe. Yeye mwenyewe, sekretari! Ofisi moja ikamwambia bila muhuri hiyo ni karatasi tu. Mdogo wetu akaandikiwa umri wa kukisia, miaka miwili chini, na mpaka leo ana tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya nyumbani na moja ya kadi. Tulimuuliza baba kwa nini alisahau. Alisema siku ile wino ulikuwa umekauka, akasema atapiga kesho, na kesho yake kulikuwa na kazi nyingine.

Tunayo bado hiyo nakala. Mwaka jana mtoto wa mdogo wetu aliipiga picha kwa simu, na kwenye picha maneno yanasomeka vizuri kuliko kwenye karatasi. Baba ni mzee sasa. Tukiitoa mfukoni anatukazia macho: "Munawe mikono kwanza, mukauke." Ni kweli, ukiishika na jasho, buluu inatoka bado.